Jua halimchomi, lakini linamdhuru: tuishi vipi na mtoto mwenye XP?

SWALI

Assalaam alaikum, ndugu washauri.

Nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Alizaliwa mzima, mweusi kama baba yake, ngozi nyororo. Alipotimiza mwaka na miezi kidogo tukaona vidoa vidogo vyeusi juu ya pua na mashavuni. Tukasema ni joto. Vikaenea midomoni, masikioni, shingoni, na mikononi kote hadi pale mikono ya fulana inapoishia. Mgongo na tumbo ni safi kabisa. Tangu mwaka jana akitoka nje anafumba macho, yanamwagika machozi na kuwa mekundu. Ukimrudisha ndani anatulia.

Miezi miwili iliyopita kilimtoka kinundu pembeni ya pua, kikawa kinavuja damu. Hospitali wakakikata, nyama ikapelekwa maabara, jibu likarudi kwamba ni saratani ya ngozi. Daktari akatuandikia jina la maradhi, zeroderma pigmentosamu, akasema kwa mkato, "Ni XP, msimtoe juani." Zaidi ya hapo hatukuelezwa.

Sisi tuko Unguja. Jua la hapa tulikimbilie wapi? Madirisha ya nyumba yetu ni nondo na wavu wa mbu, vioo viko chumba kimoja tu. Mwakani anatakiwa aanze skuli, na chuoni anakwenda kila alasiri. Tena kuna jambo silielewi: jua halimchomi. Hajababuka hata siku moja. Dada yake ndiye aliyewahi kubambuka pua tulipotoka pwani. Vipi basi jua ndilo limdhuru huyu? Wengine wanasema ni ualbino wa aina nyingine. Jirani ameniletea krimu ya kuondoa madoa, nimeiweka, sijaitumia.

Mama mkwe anasema haya yametoka kwangu, kwa kuwa mimba yake nilikuwa nikitembea nayo mchana. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu, baba yake na baba yangu ni ndugu wa tumbo moja, na asili yetu ni Ngazija. Dada yake mtoto ana miaka tisa, hana kitu. Na sasa nina mimba ya miezi mitano. Huyu wa tumboni naye itakuwaje?

Mama wa Unguja

JIBU

Waalaikumu salaam, dada yetu. Pole sana, na hongera kwa kuangalia vizuri. Hilo ulilolieleza la mgongo safi na mikono iliyojaa vidoa hadi mpaka wa fulana ndilo daktari wa ngozi hulitafuta kwanza.

Tuanze na jambo usilolielewa, maana ndilo linalochelewesha watoto wengi kufika kwa daktari. Mwanga wa jua umebeba mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni na kwenye miwani. Ikipenya ndani ya seli ya ngozi hugandisha herufi mbili jirani katika DNA, yaani yale maandishi ya urithi yanayoiongoza seli. Sote hutupata hivyo kila siku. Lakini seli ina protini zinazoshughulikia uharibifu huo: moja hugundua palipoharibika, nyingine hufungua uzi, mbili hukata kipande cha herufi kama 30, kisha kipande kipya hujazwa na kuungwa. Mwaka 1968 James Cleaver wa California alionyesha kwamba seli za wenye XP zinashindwa kazi hiyo. Herufi zilizogandana hubaki, seli hujigawa pamoja na makosa yake, na makosa yakirundikana kwenye jeni, yaani sehemu za DNA, zinazodhibiti ukuaji, saratani huanza.

XP ina makundi manane, kuanzia A hadi G na la nane huitwa V, kufuatana na protini iliyo na kasoro. Kundi C ndilo lenye kuhusika na swali lako. Protini ya kundi hilo ni kama mlinzi wa zamu, huizungukia DNA nzima kutafuta palipoharibika. Isipofanya kazi, sehemu za DNA ambazo seli haizisomi kwa wakati huo hazitengenezwi. Zile zinazosomwa zina njia yao nyingine ya kugundua uharibifu, nayo hubaki nzima. Kwa hiyo wagonjwa wa kundi C kwa kawaida hawababuki kuliko watu wengine, na ubongo wao na mishipa ya fahamu kwa kawaida husalimika. Katika makundi mengine, hasa A na D, mtoto huungua vibaya hata kwa dakika chache za jua, na wazazi hushituka mapema. Mwenye kundi C hutoka vidoa polepole, hachomeki, halii, na watu husema ni joto. Kwa hiyo kutochomeka kusikuliwaze. Kwa mtoto wako kipimo cha madhara ni vidoa.

Kwa barua pekee hatuwezi kusema kwa hakika ni kundi gani. Lakini asili yenu ya Ngazija, katika visiwa vya Komoro, inatia uzito. Mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba Mayotte, kisiwa cha nne cha Komoro, XP inampata mtu mmoja katika kila 5,000, wakati Ulaya na Marekani ni kama mmoja katika milioni. Wagonjwa waliopimwa huko walikuwa wa kundi C, wote wenye badiliko moja lile lile la jeni, na badiliko hilo limekutwa pia kwa wagonjwa weusi wa kusini mwa Afrika. Mwambie daktari wenu kwamba asili yenu ni Ngazija. Maabara ikijua ianzie wapi, kipimo cha jeni huwa chepesi na gharama hupungua. Damu au mate huweza kupelekwa maabara ya nje, mtoto hahitaji kusafiri.

Ualbino ni jambo jingine. Mwenye ualbino amekosa rangi ya kumkinga, lakini DNA yake ikiharibika inatengenezwa. Mtoto wako rangi anayo, matengenezo ndiyo hana. Kinga inayomtosha mwenye ualbino haimtoshi huyu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwafuatilia wagonjwa wa XP kuanzia 1971 hadi 2009. Kwa wale walio chini ya miaka 20, hatari ya saratani za ngozi za kawaida ilizidi ya watu wengine mara 10,000, na nusu ya waliougua walipata ya kwanza wakiwa na miaka 9 au chini yake. Hatukuambii haya kukutisha. Tunataka ujue kwa nini tunakuomba mambo ambayo majirani wataona yamepita kiasi.

Krimu ya jirani itupe leo. Krimu nyingi za kuondoa madoa zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Huivua ngozi rangi na kuidhoofisha, na rangi hiyo ndiyo kinga ndogo aliyobaki nayo. Vidoa havina madhara vyenyewe. Na ukivififisha, doa linalogeuka kuwa saratani hutaliona kwa wakati.

Sasa tuje nyumbani. Watu wakisikia XP hukimbilia kununua losheni. Kwa maoni yetu losheni ni ya tatu. La kwanza ni nyumba, la pili ni nguo, kisha losheni kwa zile sehemu ambazo nguo haikufika. Losheni husahaulika, hufutika kwa jasho na hupakwa kidogo mno. Ukuta haufanyi hivyo.

Wavu wa mbu hauzuii chochote. Mionzi ya UV inayotufikia ni ya aina mbili, UVA na UVB. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya UVB, lakini UVA hupenya, na kwa mtoto wako zote mbili ni adui. Wala kivuli hakitoshi. Mionzi haishuki kutoka kwenye jua peke yake, hutawanywa na anga nzima, kwa hiyo anayecheza barazani au chini ya mwembe bado anaipata. Mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha juu kama asilimia 15, na mapovu ya bahari asilimia 25. Hata nusu mita ndani ya maji, asilimia 40 ya mionzi iliyo juu bado ipo. Na yale mazoea ya kusema jua la asubuhi halina neno, kwake yaacheni. Kwa mwenye XP hesabu inaanza jua linapochomoza hadi linapozama.

Chagua chumba kimoja kiwe cha mchana, na chenye vioo ndicho kifae. Mafundi wanaobandika tinti za magari huwa pia na filamu ya madirisha isiyo na rangi. Waambie unataka inayozuia UV kwa asilimia 99 au zaidi hadi nanomita 400, yaani mpaka pale UVA inapoishia, na usome maandishi ya kwenye boksi lake. Usidanganywe na weusi: tinti nyeusi ya bei rahisi inaweza kukata mwanga wa macho na kuiacha UVA ipite, na filamu angavu kama maji inaweza kuizuia yote. Ibandikwe kutoka ukingo hadi ukingo, maana upenyo wa sentimita moja hupitisha mstari wa jua unaotembea chumbani siku nzima. Kama vioo ni vya luva, zile nafasi kati ya kioo na kioo huwezi kuzibandika. Hapo weka pazia zito la tabaka mbili, upande wa ndani kitambaa cheusi kilichofumwa kwa kubana, nalo lizidi fremu kwa sentimita 15 kila upande. Angalia na juu. Nyumba nyingi zina uwazi kati ya ukuta na paa, na paa la makuti likichakaa huonyesha nyota za mwanga. Piga silingibodi. Hewa iingie kwa mlango wa ukumbini na feni, na usiku fungua kila dirisha.

Kupima kazi ya fundi, kilicho bora ni kipimo cha mkononi cha UV kinachosoma UVA na UVB. Ukikosa, azima miwani ya macho ile inayogeuka nyeusi juani. Iweke nje dakika mbili, uone inavyogeuka. Iache ndani iwe nyeupe tena, kisha iweke nyuma ya kioo kilichobandikwa, mahali jua linapopiga moja kwa moja. Ikigeuka nyeusi, UV inapita na fundi arudi. Isipogeuka ni dalili njema, ingawa haithibitishi kwamba ni salama kabisa, na kwenye joto kali miwani hiyo hugeuka kidogo tu. Ndiyo maana unailinganisha kwanza na nje. Rudia kila baada ya miezi sita, kwani filamu huchoka, huanza kufanya mapovu na kubanduka pembeni.

Taa tumia za LED. Ziepuke taa za mirija, zile ndogo za kujipinda, na halojeni zisizo na kifuniko cha kioo. Taa za kukaushia rangi ya kucha saluni, za kukagulia noti bandia na za kunasia nzi kwenye mabucha zimetengenezwa makusudi kutoa UV. Cheche za mchomelea vyuma ndizo mbaya kuliko zote, asikaribie hata akiwa amefunikwa.

Kwenye nguo, kanuni ni ufumaji. Inua nguo uelekee dirishani au kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga, haifai. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hupitisha mionzi mingi, na ikilowa hupitisha zaidi. Shati jeupe la skuli ni tatizo hilo hilo. Jinzi na kodrai ni bora sana, nazo mitumbani zimejaa. Kitenge kizito kinafaa kuliko kanga. Rangi iliyokoza inashinda nyeupe. Kanzu inafaa kwa urefu wake, ila iwe ya kitambaa kizito na ndani avae suruali na fulana nyeusi ya mikono mirefu. Soksi ndefu, viatu vya kufunika, glavu za pamba zilizofumwa kwa kubana. Balaghashia haikingi uso hata kidogo. Inatakiwa kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka kichwa chote, na kitambaa kilichoshonewa nyuma kinachofika mabegani. Kwa binti mwenye XP buibui na nikabu ni msaada mkubwa, zikipita mtihani ule ule wa dirishani.

Uso ndio unaopata saratani nyingi, kwa hiyo usiuachie kofia peke yake. Familia nyingi za wenye XP hushona kofia yenye kioo laini mbele: kofia ya kufunika kichwa na shingo, na mbele hushonewa plastiki angavu inayozuia UV, ikining'inia hadi kifuani. Plastiki ya kujaladia madaftari haifai, huipitisha UVA. Tafuta iliyoandikwa kwamba inazuia UV hadi nanomita 400, kisha uipime kama ulivyopima dirisha. Iache mbali na uso kwa upana wa vidole vitatu, maana ikigusana na pua hujaa mvuke na mtoto ataivua. Anza kumvalisha ndani ya nyumba kwa mchezo, usiku, kabla hujaitegemea mchana.

Miwani iandikwe UV400 na iwe na viziba vya pembeni. Miwani angavu ya usalama ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu, inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi huzuia karibu UV yote na haivunjiki mtoto akianguka. Ni bora kuliko miwani nyeusi ya barabarani isiyo na maandishi, kwa kuwa giza lake hupanua mboni na kukaribisha mionzi zaidi. Hayo machozi na wekundu aonwe na daktari wa macho mapema, kisha kila baada ya miezi sita. Konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, hukauka na kufanya ukungu, na kope huota vinundu. Atapewa matone ya kulainisha macho, kwa kawaida mara nne kwa siku au zaidi, na marhamu ya usiku.

Sasa losheni. SPF, yaani namba ya nguvu ya kinga, iwe 50 au zaidi, na kwenye chupa iandikwe kwamba inakinga UVA pia. Zenye zinki oksidi au titani dioksidi haziwashi sana watoto. Kwa umri wake, nusu kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo, na robo kijiko kwa viganja vyote viwili, mbele na nyuma. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili. Palipozoeleka kusahauliwa ni nyuma ya masikio, kope na mstari wa nywele. Midomo ipewe dawa yake ya kupaka yenye SPF. Kipimo chepesi cha kujua kama unapaka ya kutosha ni chupa yenyewe: ukipaka mara mbili kwa siku, chupa ya mililita 100 inatakiwa iishe ndani ya wiki mbili hivi. Ikikaa miezi miwili, unapaka robo ya inayotakiwa, na ile namba 50 ya kwenye chupa haipo tena. Isikae garini wala dirishani, joto huiharibu. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwombeni daktari wenu aulize kama mtoto anaweza kusaidiwa kwa njia hiyo, na pia awape rufaa ya huko au ya Muhimbili kwa uchunguzi wa jeni na ufuatiliaji.

Akikosa jua atakosa vitamini D, na hilo lina dawa. Mtoto wa umri wake kwa kawaida huhitaji yuniti 600 kwa siku. Daktari apime damu kisha apange, usijiongezee mwenyewe kwa kuwa ikizidi huleta madhara. Mayai na dagaa husaidia, lakini peke yake havitoshi.

Skuli aende, wala tusikubali neno la kumwacha nyumbani. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula na barua ya daktari inayotaja mambo manne: akae mbali na dirisha, madirisha ya darasa lake yawekwe filamu au pazia, aruhusiwe kofia, glavu na miwani pamoja na nguo ya kukoza ndani ya sare, na asisimamishwe mstarini asubuhi wala kutolewa nje kwa mazoezi. Mapumziko akae maktaba au darasani na wenzake wawili watatu kwa zamu, asikae peke yake kila siku. Chuo nacho, ongea na maalimu amsomeshe baada ya Magharibi. Jua likishazama ni mtoto kama watoto wengine: akimbie, acheze mpira, aende Forodhani, aende na ufukweni. Tungependa sana familia yenu ijizoeze maisha ya usiku kwa furaha, ndugu zake wakitoka pamoja naye, ili kufunikwa mchana kusiwe ndiyo kumbukumbu yake yote ya utoto.

Mara moja kwa mwezi, baada ya Isha, mkague kwa tochi ya LED. Gawa nywele kwa kitana mstari kwa mstari, angalia nyuma ya masikio, kingo za kope, matundu ya pua, ndani ya midomo, na ncha ya ulimi, kwani wenye XP hupata saratani hata hapo. Doa lolote linalokutia shaka lipige picha pamoja na rula. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, kinundu kinachong'aa au kutoa damu, gamba linalorudi kila likibanduka, doa jeusi lililobadilika umbo: hilo ni la kupeleka hospitali wiki hiyo hiyo, bila kusubiri kliniki. Kliniki yenyewe ya ngozi iwe kila miezi mitatu. Kinundu kikikatwa kingali na milimita nne, ni dakika chache na kovu dogo. Kikiachwa hadi sentimita mbili pembeni ya pua, huenda pua yenyewe ikaguswa. Na kila kinachokatwa kipelekwe maabara. Dawa za kienyeji za kuchoma na kubandika zisiguse uso wake.

Moshi wa sigara usiingie nyumba hiyo. Kemikali zake huharibu DNA kwa namna inayohitaji matengenezo yale yale aliyoyakosa. Moshi wa kuni na mkaa una kemikali za jamii hiyo, kwa hiyo jiko liwe mbali na chumba chake cha mchana.

Kuhusu maneno ya mama mkwe. Kutembea mchana na mimba hakuleti XP, kwani mionzi haifiki tumboni. XP hutokea mtoto anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, zote mbili. Mwenye moja tu haugui na wala hajui kama anayo. Nyinyi wawili kila mmoja amebeba moja. Na kwa kuwa baba zenu ni ndugu, inaelekea zaidi imeshuka kutoka kwa babu au bibi yenu mmoja, ikapita kwa baba yako na kwa baba wa mume wako. Kwa njia hiyo hata mama mkwe mwenyewe hahusiki, wala mama yako. Mume wako ndiye anayefaa kumweleza, kwa upole, tena akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Binti yenu wa miaka tisa, kwa kuwa ni mzima, ana uwezekano wa mbili kwa tatu kwamba anabeba jeni moja. Haitamdhuru, ila akifikia kuolewa apimwe kwanza, hasa mchumba akiwa wa ukoo.

Kwa mimba hii, uwezekano wa mtoto kuwa na XP ni mmoja kwa nne, na wa kutokuwa nayo ni watatu kwa nne. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kuwa mmoja tayari anaumwa hakumpunguzii wala kumwongezea huyu. Akizaliwa ataonekana mzima kama kaka yake alivyokuwa, kwa hiyo msisubiri vidoa. Huyu wa tumboni akingwe tangu siku ya kwanza kana kwamba anayo, hadi kipimo cha jeni kiseme hana. Ukishapata jibu la jeni la kaka yake, kumpima mchanga ni kutafuta badiliko hilo hilo moja tu.

Hapo kuna mtego mmoja. Kliniki au wazee watakwambia umuote mtoto jua la asubuhi, apate vitamini na manjano yaondoke. Usimtoe. Mpe matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Na akipata manjano ya kuhitaji taa ya bluu hospitali, mwambie daktari kuna XP katika familia na uombe taa ya LED, ambayo haitoi UV.

Mwisho, kwenye jalada la kaka mtu na kwenye kadi yake ya kliniki aandikiwe kwa wino mwekundu: XP. Akiumwa kitu kingine, anayemtibu asimpe ovyo dawa zinazoongeza makali ya jua kwenye ngozi, kama doksisaiklini. Ikitokea saratani ya kuhitaji dawa za kutiwa kwenye mishipa ya damu, ile iitwayo sisiplatini ni hatari kwake, kwa kuwa huharibu DNA kwa njia ambayo seli zake haziwezi kuitengeneza. Matibabu ya mionzi ya eksirei ni tofauti na UV, na wengi wenye XP huyastahimili kama watu wengine, kwa hiyo asinyimwe kwa sababu ya jina la maradhi. Na kwa wasomaji wengine wenye mtoto anayeungua juani, aliyedumaa, macho yameingia ndani na hasikii vizuri: hiyo huenda ni sindromu ya Cockayne, ndugu wa XP, na mtoto huyo asipewe metronidazoli, yaani Flagyl, hata kwa kuharisha. Imeshaua wagonjwa wa Cockayne kwa kuharibu ini ndani ya siku chache.